TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Anayetuchekesha Futari



Kuna kijana wetu, miaka 17 (karuhusu nisimulie, jina silitaji). Mchana anauza soksi Mtaa wa Kongo, magharibi anatumiminia uji. Anachekesha mpaka wazee. Juzi baada ya tarawehe nikamkuta nyuma ya nguzo, uso umelowa. "Vipi mwanangu, una msiba?" Akacheka kwanza! Kisha akasema: kuna binti walipanga mambo, kamwacha. Hajamwambia mtu. Nyumbani atagombezwa, kijiweni atachekwa.

Jamani, wa nyumbani na wa kijiweni ndio sisi.

Amepokea Bukhari kwamba Mughith alipoachwa na Barira, alimfuata njiani Madina akilia, machozi yakitiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) hakumcheka. Alimwombea kwa Barira. Barira akauliza, ni amri? Akaambiwa ni kuombea tu. Akakataa, na akaachiwa uamuzi wake. Najua, Mughith alikuwa mume, na mapenzi ya kificho hayawi halali kwa sababu mtu analia. Lakini somo hilo lina siku yake, si usiku ule.

Nilimwambia arudi palepale nguzoni, asujudu, amshitakie Mola huzuni yake kama Nabii Yaqub (Surat Yusuf, aya 86). Nikamsubiri. Baadaye tukanywa kahawa Msimbazi, yeye na mimi. Hakuchekesha hata mara moja, nami sikumwomba.

Daku njema.