Nani Anabisha Hodi Nyumbani kwa Binti Sultani?

Mpwa wangu anapokea wageni katika hoteli moja Unguja. Juzi alinipigia simu kuuliza swali la katekista, maana ndiyo kazi yangu hapa Sibwesa, mkoani Katavi. "Shikamoo mjomba. Hivi nyumba ya mfalme kugeuzwa ya kulaza watalii, si dhambi?"

Alikuwa na mfano mkononi. Pale Malindi, Mji Mkongwe, ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1860 kwa ajili ya Binti Kholle, mtoto wa Sultani Said bin Sultan. Mwanamke huyo hakuwa wa kukaa kimya: mwaka 1859 yeye na mdogo wake Salme walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Leo nyumba ya Kholle ni hoteli ya kifahari yenye jina lake, na mwenye pesa analala.

Nilimjibu kwa mfano wa huku kwetu. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wa shirika la Mfalme Leopold walijenga ngome mwaka 1879. Mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe, na palipokaa bunduki pakasaliwa rozari. Hakuna Mkristo anayesema sala za pale zina kasoro kwa sababu ya mjenzi.

"Mjomba, ile ni misheni. Huku watu wanakunywa mvinyo."

Hapo alinibana. Lakini kabla hatujaulilia utukufu wa jumba, tumkumbuke aliyekuwa akichota maji yake. Kholle alipohamia, soko la watumwa Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria 1897. Anayetandika vitanda leo ana mshahara, na akichoka anaacha kazi. Kwa hesabu hiyo hoteli ina haki zaidi kuliko kasri. Watemi wetu wa bara nao walivuliwa madaraka kwa sheria mwaka 1963, na nyumba zao nyingi hazikugombewa na mwekezaji yeyote. Zilikuwa za udongo na nyasi.

Kinachonisumbua ni kingine. Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wazee wanasema ndimo unamokaa mzimu wa Katabi, na watu huweka sadaka shinani. Tangu 1974 eneo lile ni hifadhi ya taifa, na langoni unalipa kiingilio. Mimi sadaka ile siweki, imani yangu hainiruhusu. Hata hivyo namheshimu anayeiweka, kwa kuwa amelipa langoni na bado anajua hajamalizana na mwenyeji. Mtalii wa Malindi akishalipa anapewa ufunguo, basi. Mwenyeji wake hamjui. Na wenyeji ni wengi: Kholle yumo, wamo pia waliobeba mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mungu anayajua, naamini hivyo, lakini hilo halimpi mgeni ruhusa ya kutouliza.

Nikamwambia mpwa wangu, popote utakapofanya kazi katika nyumba ya namna hiyo, unapompandishia mgeni mizigo mtajie Kholle, na wale wabeba mawe usiwaruke.

"Mjomba, akifika huwa amechoka. Anauliza intaneti tu."

"Basi mwambie asubuhi, akishakunywa chai."