Amana ya Udongo

Kisiwani Pemba mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mkarafuu ukawa wa huyu aliyeurithi, na udongo uliouotesha ukawa wa yule. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 nayo inaifanya ardhi kuwa mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Sasa pamezuka bidhaa ya tatu, isiyo mti wala shamba: kaboni iliyomo udongoni. Ni ya nani, na je, yauzika?

Bidhaa hiyo huzalika kwa kazi ndogo ndogo. Mwenye ng'ombe wawili akihamisha kamba kabla majani hayajaliwa hadi shinani, mizizi hushuka, samadi huoza, na hewa ukaa iliyovutwa na majani hubaki ardhini. Kampuni ya mbali inayochafua anga hununua hati ya kiasi kilichohifadhiwa. Kaskazini mwa Kenya mradi wa namna hiyo ulianza mwaka 2013, katika malisho ya hekta zipatazo milioni 1.9. Hati zilikwisha kuuzwa pale mahakama ilipoamua, mwaka 2025, kuwa hifadhi ya Biliqo Bulesa iliyomo humo ilianzishwa kinyume cha sheria.

Wanafiqhi wamekataza biashara ya gharari: samaki aliye bado baharini hauziki. Kaboni ni jamaa ya samaki huyo. Haishikiki wala haipimwi kwa pishi, na jembe la mrithi laweza kuirudisha angani. Aiuzaye kwa miaka 30 auza pia hiari ya watoto asiowauliza.

Lakini kukataa bei si kukataa malipo. Katika mradi wa HIMA, ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za Norway, wananchi wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba walikubali kujizuia kukata misitu yao. Mauzo ya kaboni yaliyotarajiwa hayakutimia. Mnunuzi alikosekana, lakini kuni zilikuwa zimekwisha kuachwa msituni. Hapo ndipo penye dhuluma: maskini hutoa chake kwanza, kisha huambiwa asubiri soko.

Basi kaboni na ihesabiwe amana, si bidhaa. Mtunza amana hauzi kitu. Hustahili ujira wa ulinzi, kwa muda unaojulikana na kwa kazi inayoonekana, soko lipande au lishuke. Naye mwenye moshi asidhani kuwa ujira huo umemtua mzigo wake. Deni la moshi hulipwa kwa kuzima moto.