Bin na Wadi

Kijana mmoja wa Malindi, fundi wa friji, alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta jina la baba wa babu yake. Ukoo wao ulikuwa na kesi ya shamba la minazi, na wakili alishawaambia kwamba maneno ya wazee peke yake hayatatosha, itafutwe karatasi. Kesi ilikuwa imebakiza siku tisa. Alijipa siku tatu za Nairobi. Nyumbani kwao, chumba cha uani, alikuwako shangazi wa baba yake, bibi wa miaka tisini na kitu. Hakumwuliza hata swali moja kabla ya kuondoka, aliona haraka yake ni ya Nairobi.

Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la benki. Ukumbi wa chini umejaa vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, na wageni wengi huishia hapo wakitazama vinyago. Kijana alipanda juu moja kwa moja. Aliacha begi, akalipia, akaambiwa na kalamu ya wino aiache, humo ndani huandikwa kwa penseli.

“Shikamoo mama. Naomba faili la shamba la babu yetu.”

“Marahaba. Ofisi gani iliandika?”

Hakuelewa swali. Wengi wetu tungekwama papo hapo, kwa kuwa tumezoea maktaba, ambako unataja mwandishi au mada ukaletewa kitabu. Nyaraka hukaa vile zilivyopangwa na ofisi iliyoziandika. Hakuna rafu ya mashamba wala rafu ya mababu. Kuna barua za mkuu wa wilaya fulani, kuna ripoti za mkuu wa mkoa fulani, mwaka baada ya mwaka, na minazi yenu, ikiwa imetajwa, imo katikati ya habari za kodi na daraja lililobomoka. Kwa hiyo lazima ujue nani alimwandikia nani, miaka ipi, na kwenu kuliitwaje siku hizo. Kijana aliomba mafaili ya Kilifi. Mama yule akamweleza kwamba kwa miaka anayoitaja atafute Mkoa wa Seyidie, jina lililotokana na Seyyid, sultani wa Unguja, aliyekuwa na ukanda wa maili kumi wa pwani. Siku ya kwanza ikaishia hapo, kwenye kusoma orodha upya.

Siku ya pili alijaza fomu, akangoja, akaletewa faili lililofungwa kwa kamba, kingo zake zimekuwa rangi ya chai. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya pwani wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndani ya faili lile mlikuwa na barua za madai hayo. Hati zenyewe za kumiliki ardhi mtu huziulizia kwa msajili wa ardhi, lakini barua kama hizi zaweza kukuonyesha nani alidai nini. Karibu na mwisho akakuta orodha iliyopigwa taipu: jina la baba wa babu yake, kijiji chao, minazi mia na arubaini. Ila katikati ya jina lake na lile lililofuata hapakuwa na bin. Palikuwa na wadi.

Mtu wa pwani hahitaji tafsiri. Kwa wa bara niseme tu kwamba wadi makarani waliwaandikia sana watumwa na walioachwa huru, na jina lililofuata huenda likawa la bwana, si la baba. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mwaka mmoja tu kabla ya sheria ile ya ardhi. Kijana alilitazama neno lile, akafunga kamba.

“Nikutolee nakala?”

“Hapana mama. Huyu si wetu.”

Simlaumu sana. Aibu ile aliikuta nyumbani, kama tulivyoikuta wengi. Lakini karani wa wakati ule hakuandika ili kutupamba sisi, na anayeingia pale akiwa na jibu mfukoni atarudi na jibu lile lile.

Siku ya tatu aliomba mafaili mengine manne, akisaka bin. Hakuna alichoambulia. Alijifariji kwamba huenda karatasi yao ilipotea, na ni kweli zipo zilizopotea: moto wa mwaka 1939 uliteketeza nyaraka nyingi za serikali jijini Nairobi, na nyingine zilisafirishwa Uingereza kwenye kuja uhuru, zikafichwa Hanslope Park hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua mwaka 2011. Yake haikupotea.

Kesi ilisikilizwa bila karatasi. Jioni moja, akimpelekea bibi uji, alimsimulia kama mzaha kwamba huko Nairobi amekuta mtumwa mwenye jina la babu yao.

Bibi akaacha kutafuna tambuu. “Minazi mingapi?”

“Mia na arubaini.”

“Ndiye. Aliipanda kwa mkono wake. Na hilo jina la pili ni la bwana wake.”

“Mbona hukutuambia, bibi?”

“Nani aliniuliza, mjukuu wangu?”

Rufaa bado ipo, na wakili anataka nakala ya ukurasa ule. Kijana ameshatafuta daftari lake. Lina namba za mafaili manne ya siku ya tatu, yale yasiyo na kitu. Namba ya lile la siku ya pili hakuiandika.