Kobe Aliyefungwa na Riziki Yake

 

Ndugu zetu wa Diani, Msambweni na vijiji vya Kwale, liko neno lililokuwa jepesi mno midomoni mwetu. Mtu amfungia kobe uani, na akiulizwa ampa nini, hujibu, "Riziki yake iko kwa Mungu." Neno ni la haki, ila limewekwa pasipo mahali pake. Sura Hud yatufundisha kweli kwamba riziki ya kila kiumbe iko juu ya Muumba wake. Lakini riziki ya kobe imetandazwa kondeni: majani, uyoga, konokono na jongoo. Aliyemzungushia ukuta ndiye aliyemkatia njia. Na hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka, waliyoipokea Bukhari na Muslim, haikutaja kumnyima chakula peke yake. Imetaja pia kwamba hakumwacha akajitafutie vidudu vya ardhini. Kumfunga na kumsahau yalikwenda pamoja. Tawakuli ya namna hiyo ni uvivu uliovikwa kilemba.

Na jambo lipotezalo watu zaidi katika ufugaji huu ni usingizi wa kobe. Kiumbe huyu hana joto lake mwenyewe kama sisi; huliazima jua. Kobe wa nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania, kama Ugiriki, hujizika wakati wa baridi kwa miezi kadhaa, moyo ukapiga polepole, pumzi zikawa haba, akaishi kwa akiba ya mwili wake. Wafugaji wajuzi humwachisha kula majuma kadhaa kabla ya kulala, kwani chakula kilichobaki tumboni, pasipo joto la kukisaga, huoza.

Ama kwetu, kipupwe cha Juni hadi Agosti si baridi ya namna hiyo. Kobe wetu mdogo, yule ambaye gamba lake lina kiungo nyuma akalifunga kama mlango, hakimbii baridi bali ukavu. Kaskazi ikiikausha nchi, Januari na Februari, huingia chini ya majani au shimoni akangoja masika. Na kobe mkubwa wa madoadoa, wa nchi kavu kama upande wa Kinango, hana desturi ya kulala baridini kabisa. Wenziwe waliopelekwa Ulaya wakalazwa baridini kama kobe wa huko, hushikwa na maradhi ya mapafu wakafa. Haifai kumpima kobe wa Kinango kwa kobe wa Ugiriki.

Kwa kutojua haya, mmoja humwona aliyelala akamdhania maiti, akamtupa jaani. Mwingine humfukua akamtikisa, ilhali kobe huweka maji katika kibofu chake kwa siku za kiu, na akishtuliwa huenda akayamwaga yote. Wa tatu, naye ndiye mbaya zaidi, humwona ana macho yaliyovimba na kamasi puani katikati ya mvua, akasema, "Amelala tu." Huyo hakulala; ni mgonjwa, ahitaji mganga wa mifugo.

Tukumbuke Watu wa Pangoni. Kurani yaeleza jinsi jua lilivyoepushwa nao, wakageuzwa kuume na kushoto, nao hawana habari. Na walipoamka, la kwanza walilotuma ni chakula. Aliyelala hajilindi, hulindwa. Basi kobe aamkaye apewe maji kwanza, katika chombo kifupi asichoweza kuzama, kisha majani mabichi.

Tena sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa mwituni pasipo kibali, na mwaka 2019 mataifa yalipatana kukataza biashara ya kimataifa ya kobe bapa wa majabalini waliokamatwa mwituni. Mwenye kobe uani asimwachilie ovyo ovyo kwa hofu. Afisa wa wanyamapori yuko Shimba Hills, na aendewe.

Na mkulima ambaye jembe lake litamfichua kobe wakati wa kiangazi, amrudishie mchanga na majani kama yalivyokuwa, kisha achomeke kijiti pale, wenziwe wapate kupaepuka hadi mvua zinyeshe.