Kuku Hajui Ua wa Jirani

Masomo ya wiki: Mathayo 23:37, Kutoka 21:28–36



Sisi Warundi tukimtakia mtu heri, tunamtakia ng'ombe. "Amashyo" ni salamu ya heshima, na sijasikia mtu akimtakia mwenzake makundi ya kuku. Lakini toka Magara kando ya Ziwa Tanganyika asubuhi, panda vilima mpaka ndani ya Bugarama, uhesabu nyumba zenye ng'ombe. Ni chache. Kuku utawakuta karibu kila ua: tetea wanne watano, jogoo mmoja, vifaranga wakichakura chini ya migomba na michikichi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hailali ziwani, maana ndagala hawafuati taa usiku wenye mwanga, na siku hizo ndipo thamani ya kuku inapoonekana. Jogoo huenda soko la Rumonge, madaftari ya shule yakarudi. Mtoto akishikwa na homa usiku, kuku ndiye anayekamatwa alfajiri ili zipatikane faranga za dawa. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, watu wa kando ya maji walihama na walichoweza kukibeba, na kuku hubebwa kwapani. Hata miongoni mwa ndugu zetu waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, wapo walioanza tena maisha na tetea wawili kabla ya kupata pa kulima.

Anayefuga anajua furaha asiyoijua mnunuzi wa nyama. Tetea akishataga mayai yake kumi na mawili au zaidi, akaanza kuyakalia na kuvimba manyoya ukimsogelea, mwache. Ataatamia siku 21. Hushuka mara moja hivi kwa siku, akala haraka, akanywa, akarudi kabla mayai hayajapoa. Anakonda. Manyoya ya kifuani yananyonyoka ili ngozi yenyewe iguse yai. Anayageuza mayai kwa mdomo, mchana na usiku, bila kufundishwa na mtu. Wiki ikipita, chukua tochi gizani, shika yai mbele ya mwanga: utaona mishipa myembamba myekundu imetanda, na katikati yake doa jeusi linalotikisika. Lililo viza halina kitu. Siku ya mwisho kifaranga huanza kulia akiwa bado ndani ya ganda, na mama humjibu kwa sauti ya chini sana, ambayo huisikii usipoinama. Wanafahamiana kabla hawajaonana. Mungu aliyeweka mazungumzo hayo ndani ya ganda la yai, mimi namwabudu kwa moyo mwepesi zaidi kila ninapoyasikia.

Kisha anakuja mwewe.

Mama akiona kivuli kinapita juu ya ua hutoa mlio mmoja mkali, tofauti kabisa na ule wa kuitia chakula. Vifaranga hukimbilia chini ya mbawa. Aliye mbali hujibana ardhini asitikisike. Anayechelewa huchukuliwa. Tetea hawezi kumfuata mwewe angani, wala hana kucha za kupambana naye. Alicho nacho ni mwili wake, na huo ndio anaouweka kati ya watoto na mauti. Mwewe akikosa, panya hungoja usiku, au nguchiro, au nyoka, au mvua ya ghafla inayowakuta wadogo mbali na mama. Ukianza na vifaranga kumi na wawili ukafikisha sita umri wa kutaga, wenzako watakusifu kwa ufugaji mzuri.

Bwana wetu alikua akiyaona haya. Alipoulilia Yerusalemu, siku chache kabla ya kuuawa, angeweza kujifananisha na tai, kama wimbo wa Musa unavyomfananisha Mungu, au na simba wa Yuda. Akachagua tetea wa uani, mwenye mbawa zisizompeleka mbali na mwili usio na silaha. Akaongeza neno gumu kuliko yote: watoto hawakutaka. Tetea hamkamati kifaranga kwa nguvu. Huita, hufungua mbawa, hungoja. Sina mahali pengine katika Injili panaponionyesha vizuri hivi jinsi Mungu anavyoweza kupenda na kukataliwa kwa wakati mmoja, bila kuzikunja mbawa zake.

Uchungu wa kupenda watoto wetu wanajifunza mapema. Aliyemlea jogoo kwa pumba na vumbi la ndagala atamwona akichinjwa mgeni akija, na analia. Msimcheke. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake, na machozi ya mtoto yule ni mwanzo wa haki hiyo. Mwambieni ukweli, mchinje kwa kisu kikali bila kumtesa kuku, na mshukuru kabla ya kula.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike wiki hii. Mwewe huchukua mmoja mmoja. Mdondo huchukua ua mzima. Wengine huuita kideri. Asubuhi tetea amejikunyata pembeni, mbawa zimelegea, kinyesi ni cha kijani. Kesho yake anahema mdomo wazi, au shingo imepinda anazunguka mahali pamoja. Wataalamu huuita kwa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana kisiwani Java. Ni kirusi, na kuku akishaugua hakuna dawa ya kumponya. Penye kuku wasiochanjwa unaweza kuua tisa kati ya kumi, hata wote. Akiba ya mwaka mzima inafukiwa kwa siku nne. Nimekaa na mama aliyepoteza kuku wake wote namna hiyo, na sikumhubiria kitu. Aliyekuwa akitegemea mayai kulipia sare za wanawe alihitaji mtu wa kukaa naye tu.

Lakini kuna jambo tunalolifanya penye msiba huu ambalo siwezi kulinyamazia. Kuku wawili wa kwanza wakifa, waliobaki hufungwa miguu usiku na kupelekwa sokoni alfajiri, wangali wanaonekana wazima. Dalili za mdondo zaweza kuchukua siku mbili mpaka kumi na tano kujitokeza. Mnunuzi anaona jicho zuri na upanga mwekundu, analipa, anapanda nao Burambi au Buyengero, anawafungulia kati ya kuku wake. Baada ya wiki moja ua wake ni mtupu, na wa jirani yake, na wa jirani ya jirani. Mara nyingi mnunuzi huyo ni mjane, au kijana aliyeweka faranga zake miezi kadhaa.

Someni sheria ya ng'ombe katika Kutoka 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Ila kama alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ana tabia hiyo, asimfunge, damu iko juu yake. Mungu anapima tulichokijua. Anayeuza kuku bila kujua kwamba ameambukizwa hana kosa. Anayejua, akauza, amehamisha msiba wake akaupeleka kwa mtu aliyemwamini. Najua shida iliyo nyuma yake. Najua ada ya shule haingoji, na siihukumu njaa ya mtu. Hata hivyo nasema: usiuze. Waliokufa wachome au uwafukie shimo refu mbali na maji, wagonjwa uwatenge, unawe na kuosha viatu, maana ugonjwa husafiri kwa kinyesi, matenga na nyayo. Na uwaambie majirani usiku huohuo, ingawa ni aibu. Kanisa likisikia kwamba umefanya hivyo kwa hasara yako, ni wajibu wa kanisa kukuanzishia tena tetea wawili. Nimelisema hilo mbele ya wazee na nalisema tena hapa.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, nao walijua ufugaji. Kuku yeyote anayenunuliwa akae peke yake zaidi ya wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Naye anayesema kuku walikufa kwa mapenzi ya Mungu, nimuulize kwa upole: walichanjwa? Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji kama vyetu na kutumiwa miaka mingi Tanzania. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haitaki jua. Ni tone moja kwenye jicho moja la kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na hupewa kuku walio wazima, kabla ugonjwa haujafika. Unamshika chini ya mkono, unageuza kichwa chake, unadondosha, unangoja apepese jicho. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuwashika.

Ugumu wake ni huu: chupa moja hutosha mamia ya kuku, na ikishatayarishwa haifai kuwekwa muda mrefu. Mwenye tetea watano hawezi kuimaliza. Akiinunua peke yake atamwaga karibu yote, na kuku wake wataendelea kula kutwa pamoja na kuku wasiochanjwa, kwa sababu kuku hajui ua wa jirani. Chanjo hii ni ya mtaa mzima au ni hasara ya mtu mmoja.

Basi kabla kiangazi hakijaisha, tumwite daktari wa mifugo wa wilaya yetu, tukubaliane siku, tuanze alfajiri kuku wakiwa bado bandani. Waalikwe Wakatoliki, Wapentekoste, na ndugu zetu wa msikitini. Mwenye kuku wawili asiye na kitu asiulizwe mchango. Zipo pia nyumba ambazo hatusalimiani nazo tangu kesi za mashamba; kuku wao na wetu wanalala mbalimbali lakini mchana wanachakura jalala moja. Nyumba hizo zibishwe hodi mapema, kabla ya nyingine zote. Zilizo upande wa kanisa nitaziendea mwenyewe Jumatatu. Wazee wagawane zilizobaki.