Kukimbia Wawili



Kwenye Kilimanjaro Marathon kule Moshi, wapo wachumba na wanandoa wanaokimbia kilomita 42 pamoja. Njia yenyewe ni katekesi. Nusu ya kwanza ni tambarare: mnapiga stori, mnapiga selfi. Kisha barabara inapanda kuelekea Mweka. Ukishapita kilomita ya 30, akiba ya sukari mwilini inakaribia kuisha, miguu inagoma, stori zinakwisha.

Jamani, uchumba wa wengi wetu tunaupima kwenye tambarare tu. Je, tukianza kupanda?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema. Basi mwenye kasi akipunguza mwendo ili amngoje mwenzake, hajapoteza kitu, amependa. Lakini hakuna wa kukukimbilia kilomita zako. Mchumba hawezi kuungama dhambi zako, wala kusali badala yako ukiwa umelala.

Na pumzi haipatikani siku ya mbio. Inatafutwa alfajiri, bila mashabiki. Usafi wa moyo vilevile hausubiri harusi.

Mbio zile ni Jumapili, kwa hiyo wawili wanaopendana kweli hupanga Misa kwanza, ndipo viatu. Wewe na mwenzako mnapanga nini kwanza? Kama kila mkikutana Misa inakosekana, hamkimbii pamoja, mnapotezana. Semeni leo, mapema, kabla ya mlima.

Mungu awape pumzi.