Je, Maskini Apimwe kwa Karatasi?

Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni la kweli, na sisi makatekista twalijua vema, maana tumefundishwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, kila jambo kwa siku yake na kila mtu kwa jina lake. Lakini kuna jambo linalotusumbua moyoni, nalo ndilo tunalotaka kulitafakari leo pamoja nanyi, wasomaji wapendwa. Daftari liliwekwa ili kulinda mali ya maskini. Itakuwaje basi, daftari likimzuia maskini mwenyewe asiipate mali hiyo?

Tuanze na mambo yalivyo huku kwetu Kasongo na Kabambare. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tangu Septemba 2019 neno hilo lilianza kutekelezwa, hata katika shule za Kanisa zinazoongozwa kwa mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na madini. Tumshukuru Mungu. Lakini mtoto akimaliza darasa la sita, mlango wa sekondari haufunguki bure. Hapo watu wema hujitahidi kusaidia: parokia, jamaa, wafadhili wa mbali. Na kwa kuwa feza ni kidogo na watoto ni wengi, pengine huwekwa mtihani wa kuchagua wale wanaostahili msaada.

Mtihani huo nao una karatasi zake. Mtoto alete cheti cha kuzaliwa, alete karatasi ya alama zake, alete ushuhuda wa umaskini wenye muhuri. Msimamizi naye aandike majina ya waliofika, saa ya kufungua bahasha, saa ya kuifunga, na sahihi za mashahidi. Kisha yote yaandikwe mara ya pili na mara ya tatu, na nakala zitunzwe. Mwishoni karatasi za kumwuliza mtoto kama anastahili huwa nyingi kuliko zile alizoandikia majibu yake.

Mwaka mmoja tulipewa kazi ya kuandika watoto wa mtihani wa namna hiyo. Akaja msichana mmoja pamoja na bibi yake. Walikuwa wamekimbia vita upande wa Salamabila, na katika kukimbia hawakubeba kitu ila sufuria na kitenge. Mtoto alikuwa na akili. Mwalimu wake alimsifu sana. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, wala hakuwahi kuwa nacho. Sheria ya nchi yetu yawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo. Siku hizo zikipita, yatakiwa hukumu ya tribunali. Kwa bibi mkimbizi anayelima shamba la watu ili apate mihogo ya jioni, tribunali ni mbali kama mwezi.

Mwenzetu mmoja, mtu mwema asiyekula rushwa ya mtu, akatuambia kwa sauti ya chini: "Ndugu zangu, kalamu mnayo mkononi. Andikeni tarehe yoyote na namba yoyote. Nani atakayekwenda kutazama? Mungu mwenyewe anajua kwamba mtoto huyu anastahili."

Tazameni, ndugu, jinsi jaribu lilivyokuja likiwa limevaa nguo za huruma. Je, yafaa kuandika uongo ili kumsaidia maskini?

Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, wala hakukubali kwamba nia njema yaweza kuugeuza kuwa halali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipima mambo kwa mizani: uongo wa kumsaidia mtu ni dhambi ndogo kuliko uongo wa kumdhuru, lakini ni dhambi bado. Wengine watasema: "Hao walikuwa walimu wakubwa, hawakumwona bibi yule mlangoni." Haya, tutumie akili zetu wenyewe.

Kwanza, nafasi za msaada zilikuwa zimehesabiwa. Tukimwingiza huyu kwa uongo, kuna mwingine atakayetoka, na huyo hatumwoni. Labda naye ni yatima, labda naye ana bibi. Huruma inayomwona aliye mbele ya macho tu, na kumsahau aliye nyuma ya nyumba, ni huruma yenye jicho moja.

Pili, uongo ndio mama wa karatasi. Kila muhuri tunaolalamikia una asili yake. Kwa nini wanataka sahihi ya mashahidi? Kwa sababu siku moja mtu alifanya mtihani kwa jina la mwingine. Kwa nini wanataka saa ya kufungua bahasha? Kwa sababu siku moja maswali yalijulikana sokoni kabla ya siku yake. Kwa nini wanataka ushuhuda wa umaskini? Kwa sababu mtoto wa tajiri alikula sahani ya mtoto wa maskini. Basi, tukiandika tarehe ya uongo mwaka huu, mwaka ujao wataleta karatasi nyingine mbili, na atakayeumia ni bibi mwingine asiye na rafiki mwenye kalamu. Kweli njia ya mwongo ni fupi.

Kwa hiyo hatukuandika uongo. Tuliandika kama ilivyo: Mtoto huyu hana cheti; watu watatu wafuatao wanamjua na wanamshuhudia. Karatasi ikarudishwa. Tukaandika tena kwa maneno mengi zaidi. Ikarudishwa mara ya pili. Jibu la kumkubali lilipofika, mtihani ulikuwa umekwisha kufanyika. Msichana akakaa nyumbani mwaka mzima.

Bibi alipopata habari hakugombana nasi. Alisema neno moja tu: "Mmeandika kweli, wanangu, lakini kweli yenu haikumnunulia mtoto kalamu."

Neno hilo hatujalisahau. Tulikuwa tumerudi nyumbani na dhamiri safi, tukijiona watu wa haki. Kumbe gharama ya haki yetu hatukuilipa sisi. Aliyeilipa ni mtoto. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kukataa uongo ni nusu ya wajibu tu. Anayekataa njia fupi ya mwongo lazima atembee mwenyewe ile njia ndefu pamoja na maskini. Asimwonyeshe kwa kidole na kurudi kivulini.

Lakini tusijilaumu sisi peke yetu. Wale wanaotunga karatasi nao waulizwe. Kanisa halikatai orodha. Tangu mwanzo lilikuwa nazo. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na Mitume wakachagua watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, aliweka masharti ya mjane kuandikwa: umri wake usipungue miaka 60, na matendo yake mema yajulikane. Hayo yalikuwa masharti ya msaada, kama haya ya leo. Lakini yajulikane kwa nani? Kwa watu walioishi naye, walioona jinsi alivyolea watoto na kupokea wageni. Jirani wa mjane ndiye aliyekuwa karatasi yake.

Na hata leo, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 876, yasema kwamba ili kuthibitisha ubatizo, kama hakuna anayedhuriwa, ushuhuda wa mtu mmoja asiye na mashaka watosha. Ubatizo, ndugu! Mlango wa sakramenti zote. Kama kwa jambo kubwa hivyo shahidi mmoja mwaminifu anatosha, kwa nini mashahidi watatu wa kijiji wasitoshe kwa mtoto kuingia chumba cha mtihani?

Tena wazee wetu wanakumbuka habari nyingine. Katika siku za Wabelgiji iliwekwa kadi ya sifa za uraia mwaka 1948, na mwaka 1952 utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo waliohesabiwa kuwa wameendelea. Tume ilichunguza maisha ya mwombaji na jamaa yake, hata nyumbani mwake. Waliokubaliwa walikuwa wachache sana, na wengi waliokataliwa walirudi na uchungu. Walijisikia wamewekwa mizanini kama kahawa. Mtu akipimwa hivyo kwa muda mrefu, mwisho huanza kufikiri kwamba thamani yake hutoka kwa yule mwenye mizani. Tusiwafundishe watoto wetu fikira hiyo. Mtihani waonyesha kama mtoto ajua hesabu. Hauonyeshi kama yeye ni mtu. Utu wake aliupewa na Muumba kabla ya muhuri wowote.

Mtakatifu Tomaso, yeye yule aliyekataa uongo, afundisha pia kwamba sheria hutungwa kwa mambo yanayotokea mara nyingi. Likitokea jambo ambalo mtunga sheria hakuliona, na kulifuata neno lenyewe kungeleta udhalimu, basi ni fadhila kuifuata nia ya sheria. Hii si kuvunja sheria kwa siri. Ni kusema waziwazi: hapa neno la sheria na nia yake zimeachana, nasi twafuata nia. Mwongo huficha jambo. Mwenye fadhila hii huliandika na kutia sahihi yake.

Hata nchi kubwa zimesumbuliwa na swali hili. Huko Marekani iko njia ya mtu asiye na diploma ya sekondari kupata msaada wa masomo kwa kufanya mtihani uliokubaliwa na serikali, na mtihani huo wasimamiwa kwa masharti mengi ili pasiwe na udanganyifu. Lakini tangu mwaka 1980 iko pia sheria inayozidai ofisi za serikali kuu zikadirie saa ambazo watu watapoteza katika kujaza karatasi zao, na kuwauliza watu maoni yao. Wazo hilo ni jema. Anayetunga karatasi ahesabu pia siku za bibi anayetembea kwa miguu hadi Kasongo, na shamba lisilolimwa siku hizo. Saa za maskini nazo ni mali. Zisipoandikwa daftarini, hupotea bila habari.

Basi tufanye nini? Wazazi, msiache siku 90 zipite. Mtoto akizaliwa, shirika la jirani liwakumbushe wazazi wake, kama linavyowakumbusha ubatizo. Sisi wenye kalamu tuanze kazi mapema, miezi kabla ya mtihani, na tuende wenyewe ofisini badala ya kuwatuma wazee. Nao wenye kuweka masharti waulize juu ya kila karatasi: yamlinda nani? Ile isiyomlinda mtu itupwe.

Mwaka uliofuata tulikwenda kuwaona wenye msaada kabla ya orodha kufunguliwa, tukawaeleza habari za watoto waliokimbia vita. Walikubali ushuhuda wa kijiji. Msichana yule alifanya mtihani akafaulu, naye alikaa darasani na watoto waliokuwa wadogo kwake kwa mwaka mmoja. Mwaka huo hakuna atakayemrudishia. Twauweka mbele ya Mungu, na mbele yetu pia, kila tunaposhika kalamu.